Ukoo wa seli za samaki: unaanzishwaje, na tunajuaje ni wa nani?



Katika jumuiya yetu hii ya wanafunzi, ukisema unasomea udaktari, sheria au kompyuta, watu wanatikisa kichwa na mazungumzo yanaendelea. Ukisema unafuga seli za samaki kwenye chupa, basi utaulizwa maswali mpaka chai ipoe. Samaki mwenyewe yuko wapi? Hizo seli zinakula nini? Na mwisho wake zinaliwa? Nimeona badala ya kujibu mmoja mmoja nijibu wote kwa pamoja, tena kwa Kiswahili, maana haya mambo tunayasoma kwa lugha nyingine, kisha tunashindwa kumweleza mjomba nyumbani tunafanya nini huku.

Na jambo lenyewe si dogo. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti kwamba vinasaba vya kirusi kinachoitwa TiLV vimeonekana katika sato wa Ziwa Victoria, wa kufugwa na wa kuvuliwa, upande wa Tanzania na Uganda. Kirusi hiki kilikuwa kimeshaua sato na perege kwa wingi katika nchi nyingine, na mwezi Mei 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa tahadhari kuhusu ugonjwa wake. Kwa watu wa kando ya ziwa sato ni mboga, ni ada ya shule, na siku hizi ni mkopo wa benki uliozamishwa majini ndani ya kizimba.

Lakini samaki wale waliopimwa hawakuonekana wagonjwa, na kipimo kilichotumika ni PCR. PCR inaona vipande vya vinasaba. Haikuambii kama kirusi chenyewe kiko hai na kinaweza kuambukiza, au ni mabaki tu. Ukitaka jibu la swali hilo unahitaji kukipa kirusi mahali pa kuzaliana uone kitafanya nini. Mahali penyewe ni seli hai za samaki. Hapo ndipo kazi yetu inapoanzia.

Ukoo wa seli ni nini?

Mwili wa samaki, kama wa kwetu, umejengwa kwa seli, yaani chembe hai ndogo ambazo huzioni bila hadubini. Ukikata kipande kidogo cha pezi, ukakiweka kwenye chupa safi yenye chakula kinachofaa na joto linalofaa, seli zitaanza kutambaa kutoka kwenye kipande na kutandaa chini ya chupa. Hizo tunaziita seli za awali. Nyingi huishi wiki kadhaa au miezi, kisha zinachoka na kufa.

Lakini mara nyingine seli zinaendelea. Zinagawanyika, chupa inajaa, unazihamishia chupa nyingine, inajaa tena, mwaka unapita, miaka kumi inapita. Zikifika hapo tunasema tumepata ukoo wa seli. Maabara za huku husema "laini". Mimi napenda neno ukoo kwa sababu kwetu ukoo una maana ya asili moja, na pia una lile swali ambalo wazee hawaachi kukuuliza: wewe ni wa nani? Tutalirudia swali hilo, kwa sababu ndilo lililowaangusha wataalamu wakubwa.

Seli za binadamu zisizo na saratani haziwezi kuendelea hivyo. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead, Wamarekani, walionyesha kwamba hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi kisha husimama. Ukoo maarufu kuliko wote wa seli za binadamu, HeLa, ulitoka kwenye saratani ya mama mmoja Mmarekani mweusi, Henrietta Lacks, mwaka 1951, tena bila yeye kuombwa ruhusa. Samaki ni tofauti. Seli zao nyingi zinaendelea zenyewe bila saratani yoyote. Sababu mojawapo ni kimeng'enya kinachoitwa telomerezi, ambacho kazi yake ni kurefusha ncha za kromosomu zinazopungua kila seli inapogawanyika. Katika sehemu nyingi za mwili wa mtu mzima kimeng'enya hiki kimezimwa. Katika samaki wengi kinaendelea kufanya kazi hata ukubwani.

Ukoo wa kwanza wa kudumu wa seli za samaki ulitangazwa mwaka 1962 na Ken Wolf na M. C. Quimby, watafiti wa magonjwa ya samaki huko West Virginia, Marekani. Waliutoa kwenye viungo vya uzazi vya samaki aina ya trauti, yule ambaye Waingereza walimpeleka mpaka mito ya Mlima Kenya. Waliuita RTG-2, na hadi leo unatumika. Orodha iliyotolewa mwaka 1994 ilihesabu koo 159 za seli za samaki. Ile ya mwaka 2011 ilifikia 283, na tangu hapo zimeongezeka.

Zinatufaa nini?

Tuanze na virusi. Bakteria wengi unaweza kuwaotesha kwenye sahani yenye virutubisho. Kirusi hakikubali hilo. Lazima kiingie ndani ya seli hai, kiitumikishe kama mpangaji aliyegeuka mwenye nyumba, ndipo kizaliane. Kwa hiyo daktari wa samaki anachukua ubongo au ini la samaki mgonjwa, anasaga, anachuja ili bakteria wabaki, kisha anamimina maji yake juu ya seli. Kama kuna kirusi hai na seli hizo zinakipokea, baada ya siku kadhaa utaona seli zinavimba, zinajikunja, zinaachia chini ya chupa, mpaka zulia zima linatoboka matobo. Hivyo ndivyo TiLV chenyewe kilivyojulikana. Tangu mwaka 2009 sato na jamaa zake walikuwa wakifa Israel, kwenye mabwawa na katika Bahari ya Galilaya. Mwaka 2014 watafiti wa huko na wenzao walitangaza kwamba wamekikamata kirusi, kwa kutumia seli za awali za ubongo wa samaki hao na ukoo uitwao E-11, ambao asili yake ni samaki wa Asia mwenye kichwa kama cha nyoka.

Faida ya pili ni kupima sumu. Kemikali mpya ya shambani au ya kiwandani, kabla haijaruhusiwa, inabidi ijulikane itaua samaki kwa kiasi gani ikiingia mtoni. Kipimo cha siku nyingi, ambacho katika miongozo ya shirika la OECD ni namba 203, kinaweka samaki wazima ndani ya maji yenye kemikali kwa saa 96. Kinataka walau samaki 7 kwa kila kiwango cha kemikali, viwango 5, pamoja na kundi moja la kulinganishia. Piga hesabu: ni samaki 42 kwa kipimo kimoja. Mwaka 2021 OECD ilipitisha mwongozo namba 249, unaotumia ukoo wa RTgill-W1. Ukoo huu ulitokana na matamvua ya trauti na ulitangazwa mwaka 1994 na Niels Bols na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Seli zinakaa na kemikali kwa saa 24, kisha zinatiwa rangi tatu: moja inaonyesha kama seli bado zinachoma chakula chao, ya pili kama ngozi yao ya nje haijatoboka, ya tatu kama vifuko vyao vya kusagia taka bado vizima. Haina maana kwamba samaki wazima hawahitajiki tena. Kemikali inayoshambulia mishipa ya fahamu, kwa mfano, inaweza kuzipita seli za matamvua kama haikuziona. Ila kwa kemikali nyingi nyingine jibu linalingana vizuri, na samaki wanapona.

Tatu, seli zinatufundisha samaki mwenyewe anavyoishi. Perege wa Msumbiji anajulikana kwa kustahimili maji baridi na maji ya chumvi kali. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitangaza koo za seli zake, mojawapo kutoka kwenye ubongo, iliyopewa jina OmB, kisha wakapima zinavyohimili chumvi zikiwa peke yake bila mwili. Angalieni lakini: samaki asili yake Afrika, chupa iko California.

Hatua kwa hatua

Sasa tuingie jikoni. Nitaeleza kwa sato, maana ndiye tunayemjua.

Kwanza, chagua samaki mzima wa afya, na bora awe mdogo, maana seli zake zina nguvu zaidi. Mweke kwenye maji safi. Hapa tunapigana na adui mmoja mkubwa: samaki ameishi majini, na maji ya bwawa yana bakteria na ukungu kila mahali. Ute wa ngozi, matamvua na utumbo vimejaa. Mtu anayefuga seli za panya hana balaa hili.

Pili, samaki alazwe asisikie maumivu. Kuna dawa maalumu za kiwandani, lakini nyingine inayotumika sana ni mafuta ya karafuu. Ndiyo, karafuu hii hii ya Unguja na Pemba. Ndani yake kuna eujenoli, na matone machache kwenye maji yanamlaza samaki. Ukizidisha kipimo hazinduki tena. Baada ya hapo anasafishwa nje kwa spiriti ya asilimia 70.

Tatu, ndani ya kabati lenye hewa iliyochujwa, toa kipande unachotaka: pezi, moyo, figo, ubongo, matamvua. Kioshe mara kadhaa kwa maji yenye chumvi ya kipimo na viuavijasumu vingi. Kisha kikatekate kwa mkasi mpaka vipande vifike kama milimita moja. Hapo una njia mbili. Unaweza kutumia vimeng'enya kama tripsini au kolajinezi vilegeze tishu na kuachanisha seli. Au unaweza kuvipanga vipande chini ya chupa na chakula kidogo sana, usiku kucha, ili vigande, ndipo kesho yake uongeze chakula taratibu. Njia hii ya pili ni ya polepole lakini haizichoshi seli.

Nne, chakula. Kinachotumika zaidi kwa samaki ni mchanganyiko uitwao L-15, uliobuniwa na Albert Leibovitz mwaka 1963. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji mtungi wa gesi ya kabonidayoksaidi, ambao kwa kawaida seli za binadamu huuhitaji. Juu yake unaongeza seramu, yaani majimaji ya damu ya ndama aliyekuwa bado tumboni, asilimia 20 mwanzoni, baadaye 10. Seramu ndiyo bei. Chupa moja ya nusu lita inaweza kula bajeti ya mwanafunzi.

Tano, joto. Seli za binadamu zinataka nyuzi 37. Za trauti, samaki wa maji ya baridi, zinakaa vizuri kwenye 18 hadi 20. Za sato zinapenda 25 hadi 28. Ukiweka seli za trauti kwenye 37 umezipika.

Halafu ni kusubiri. Siku ya tatu, ya tano, ya kumi, unachungulia kwenye hadubini. Siku moja pembeni ya kipande unaona seli zimechomoza kama watu wanaotoka msikitini, kwanza wachache, halafu umati. Zikishajaa kama asilimia 80 au 90 ya chupa, unaziachanisha kwa tripsini na kuzigawa chupa mbili. Huo ni mhamisho wa kwanza, na namba yake inaandikwa kwenye daftari na kwenye chupa, pamoja na tarehe. Mihamisho ya mwanzo ni ya hatari. Seli nyingi zinagoma, zinanyong'onyea wiki nzima bila kugawanyika, na hapo chupa nyingi hufia. Zinazovuka huanza mwendo wa kasi zaidi, na zikipita mihamisho 50, 60, watu wanaanza kuthubutu kusema wana ukoo.

Sita, akiba. Usikae na ukoo mmoja kwenye chupa moja kama mtu aliyeweka mayai yote chini ya kuku mmoja. Mapema kabisa, chukua sehemu ya seli, zichanganye na seramu na DMSO ya asilimia 10 ili barafu isizipasue, zipoze polepole, kama nyuzi moja kwa dakika, kisha ziingie kwenye naitrojeni ya kimiminika, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Humo zinaweza kulala miongo. Ukizihitaji unaziyeyusha haraka na unahesabu ngapi zimeamka.

Haya, huyu ni nani?

Wengi hudhani kazi imekwisha hapo. Kwa kweli imefika nusu. Chupa yenye seli nyingi zenye afya ambazo hujui ni za nani ni hatari kuliko chupa tupu, kwa sababu tupu haikudanganyi.

Sikilizeni kisa cha EPC. Huu ni ukoo ulioanzishwa na Nikola Fijan na wenzake katika Yugoslavia ya wakati huo, na kutangazwa mwaka 1983. Jina lake lilieleza asili yake: vipele vya ngozi ya samaki aina ya karpu. Ulisambaa duniani kote, kwa sababu virusi vingi vya samaki vinaota humo vizuri. Watu wakaandika makala kwa makala kuhusu "seli za karpu". Mwaka 2010 kikundi cha watafiti, Fijan mwenyewe akiwemo, kilichapisha matokeo ya kupima vinasaba vya EPC kutoka maabara mbalimbali. Zilikuwa seli za Pimephales promelas, samaki mdogo wa Marekani Kaskazini, ambaye ana ukoo wake mwingine unaotumika kwenye maabara hizo hizo. Mahali fulani, siku fulani, tone moja liliingia chupa isiyo yake. Seli ngeni zikawa na mbio kuliko wenyeji, na baada ya mihamisho michache mwenyeji akatoweka. Nje chupa bado imeandikwa EPC.

Je, EPC ilitupwa? Hapana, bado inafaa kukamata virusi, maana virusi vinaota humo bila kujali jina. Lakini kila kilichosemwa humo kuhusu mwili wa karpu kilibidi kisomwe upya.

Kwa hiyo, kabla hujaupa ukoo jina, mambo haya lazima yajibiwe.

Jambo la kwanza ni aina ya samaki. Unasoma kipande cha herufi 650 hivi za DNA kwenye jeni iitwayo COI, na kukilinganisha na hazina ya vipande vya samaki wanaojulikana. Ni kama kitambulisho cha uraia. Siku hizi si kazi ya gharama kubwa, na inapaswa kurudiwa kila baada ya muda, siyo siku ya kwanza tu. Kwa sato wetu kuna mtego zaidi. Sato na jamaa zake wanazaana wao kwa wao, na COI inarithiwa kwa mama peke yake. Chotara atajitambulisha kwa jina la mama tu. Hapo vinahitajika vipimo vingine vya vinasaba.

La pili ni kromosomu. Unazisimamisha seli zikiwa katikati ya kugawanyika kwa dawa ya kolkisini, unazivimbisha, unazidondosha kwenye kioo na kuhesabu. Sato ana 44. Ukikuta seli nyingi zina 44, vizuri. Ukikuta 60, 80, ujue ukoo umeanza kuhama kutoka kwa samaki wa asili, jambo la kawaida kwa koo za zamani, lakini lazima lisemwe.

La tatu ni mwenendo. Zinakua vipi kwenye joto mbalimbali na kiasi mbalimbali cha seramu? Zinachukua saa ngapi kuongezeka mara mbili? Zinaamka ngapi kwa mia baada ya barafu? Hizi namba zinamsaidia mwenzako wa mji mwingine kujua kama alichoyeyusha ndicho ulichomtumia.

La nne ni kazi yake mwilini. Kwa macho, seli ndefu zilizochongoka huitwa za aina ya nyuzi, zile za pembe pembe zilizobanana kama vigae huitwa za utando. Lakini umbo ndani ya chupa linadanganya. Afadhali kutafuta protini zenyewe, kama keratini na vimentini, kwa kutumia kingamwili zenye rangi.

La tano ni usafi. Bakteria wa kawaida utawaona, maji yatachafuka. Mikoplazma humwoni. Ni mdogo kiasi cha kupenya kwenye chujio, hana ukuta wa seli, hivyo penisilini haimtishi, na anakaa humo miaka akipotosha kila kipimo. Anatafutwa kwa PCR au kwa rangi ya DNA.

La sita ni ukoo wenyewe unafaa nini. Unapokea virusi gani, na unakataa vipi? Unapokea jeni ya nje? Kwa hili watu hutumia jeni ya konyeza wa baharini inayotoa protini ya kijani. Ukiona chupa inang'aa chini ya taa ya buluu, jeni imeingia.

Ukiunganisha haya yote utaona kwa nini nimetaja TiLV mapema. Tuseme maabara imemimina sampuli ya sato juu ya seli, na seli hazikufa. Je, hakuna kirusi? Au seli hizi si za samaki tuliyedhani, na kirusi hakiziwezi? Au zina mikoplazma? "Hatukuona kitu" ni jibu zuri tu kama unajua ulikuwa unaangalia kwa jicho la nani.

Je, nyumbani inawezekana?

Swali hili huwa tunaulizana sisi wenyewe baada ya semina, na mara nyingi jibu letu ni kucheka na kutaja umeme. Mimi naona tunajidharau kidogo.

Fikirini. Gesi ya kabonidayoksaidi haihitajiki. Joto ambalo seli za sato zinataka haliko mbali na joto la chumba Mwanza au Kisumu, kwa hiyo umeme ukikatika saa chache, chupa haitapata mshtuko kama wa seli za binadamu zinazotegemea nyuzi 37. Kwa upande wa trauti kuna jambo jingine la ajabu: imeonyeshwa kwamba seli za RTgill-W1 zinaweza kukaa miezi kwenye baridi ya friji, nyuzi 6 hivi, bila kubadilishiwa chakula, kisha zikafanya kazi. Naitrojeni ya kimiminika nayo si kitu kigeni kwetu. Mbegu za madume ya ng'ombe zinahifadhiwa humo siku zote, Usa River huko Arusha na Kabete huko Nairobi. Anayeweza kupeleka mbegu ya ng'ombe kijijini akiwa na mtungi nyuma ya pikipiki anaweza kutunza seli za samaki.

Kinachobaki kigumu ni seramu ya bei, hewa safi ya kufanyia kazi, na nidhamu ya daftari. Lile la tatu halinunuliwi. India wameshaweka hazina ya taifa ya koo za seli za samaki mjini Lucknow, ambapo mtafiti anaweka ukoo wake, unapimwa, na wengine wanaupata. Hazina ya namna hiyo kwa samaki wa maziwa yetu, sato, ningu, mbelele, kambare, ingetufaa sana.

Na kuna haraka. Mwishoni mwa mwaka 2022 wafugaji wa vizimba upande wa Kisumu walikuta samaki wamekufa kwa wingi, na wataalamu wakaeleza kwamba maji yalikosa oksijeni. Siku nyingine inaweza kuwa sumu, siku nyingine kirusi. Kwa mfugaji mwenye deni, samaki aliyekufa anaelea vile vile. Lakini hatua ya kuchukua ni tofauti kabisa: ukikosa oksijeni unasogeza kizimba, ukiwa na kirusi kukisogeza ni kukisambaza. Jibu linalosubiri sampuli ipande ndege kwenda Ulaya linafika baada ya mazishi.

Jambo la mwisho, kwa wale miongoni mwetu wanaopanga kwenda likizo na kurudi na vipande vya samaki kwa ajili ya tasnifu. Tangu mwaka 2014 Itifaki ya Nagoya, inayohusu nani ananufaika na rasilimali za vinasaba, imeanza kutumika. Omba kibali cha utafiti, COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya, na uwe na mkataba wa maandishi wa kukabidhi sampuli, unaosema ukoo ukipatikana utahifadhiwa wapi na nakala yake itarudi lini. Mama Henrietta Lacks hakuulizwa. Sato naye hawezi kuulizwa, lakini ziwa lina wenyewe.

Basi ndugu zangu, siku nyingine ukinikuta nachungulia hadubini usiulize kama zinaliwa. Niulize ziko mhamisho wa ngapi, zilipimwa COI lini, na mikoplazma je? Ukiuliza hivyo nitakupisha uchungulie. Na wale wa uhandisi wenye mawazo ya kabati la hewa safi la bei nafuu, tafadhali tutafutane kwenye mkutano ujao wa jumuiya.